Amri Zinazosafiri: Historia ya Kuendesha Kamera za Televisheni kwa Mbali

Studio nyingi za habari siku hizi hazina mpiga picha. Mtangazaji anakaa mbele ya kamera tatu au nne zinazogeuka, kuinama na kuvuta sura karibu bila kuguswa na mkono wa mtu. Anayeziendesha yuko chumba kingine, pengine jengo jingine, kidole chake kikiwa kwenye kijiti kidogo cha mezani. Kati ya kijiti na kamera kuna itifaki, yaani makubaliano ya namna amri inavyoandikwa, inavyotumwa na inavyojibiwa. Hakuna kikao kilichoketi siku moja kutunga makubaliano hayo. Yalikua kipande kwa kipande, na kila kipande kilitokana na shida ya mahali fulani: kebo nzito kupita kiasi, bunge lisilotaka wapiga picha ukumbini, gari lililoachwa mwezini. Kamera inayouzwa leo bado inabeba alama za shida hizo, na asiyezijua hushindwa kuelewa kwa nini kamera mbili mpya za kampuni mbili hazielewani.

Kila kazi na waya wake (1936–miaka ya 1970)

BBC ilipoanza matangazo ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, mnamo Novemba 1936, kamera ilikuwa tayari imegawanywa. Sehemu yenye lenzi ilisimama studio pamoja na mpiga picha, na mitambo ya kurekebisha umeme wa picha ilikaa kando, chini ya macho ya wahandisi. Kwa hiyo jambo la kwanza kuendeshwa kwa mbali halikuwa mwendo wa kamera. Lilikuwa mwanga. Mhandisi alizungusha vifundo ili weusi wa picha uwe mweusi kweli na uso wa msemaji usiungue kwa weupe, na mpiga picha alibaki na kazi ya kugeuza na kulenga.

Rangi iliikuza kazi hiyo mara dufu. Kamera ya TK-41 ya RCA, iliyotawala studio za Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1950, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100 na ndani yake mlikuwa na mirija mitatu ya picha, mmoja kwa nyekundu, mmoja kwa kijani, mmoja kwa buluu. Mirija hiyo ilipaswa kukubaliana, na kamera moja ikubaliane na jirani yake, la sivyo shati la mwimbaji lingebadilika rangi kila mwongozaji alipohama kutoka kamera moja kwenda nyingine. Mtu mmoja alikaa chumba cha mitambo akizilinganisha kutwa nzima. Kila kifundo alichogusa kilipeleka volteji yake kupitia waya wake, na nyaya zilipokusanywa zikawa kebo nene yenye makumi ya nyuzi za shaba, ngumu kukunja na ghali kuitengeneza. Kwenye kiwanja cha mpira ilihitaji watu kadhaa kuivuta.

Hapo bado hapakuwa na itifaki. Volteji ilipanda, mwanya wa lenzi ukafunguka, basi. Itifaki ililetwa na haja ya kupunguza shaba. Katika miaka ya 1970 Philips ilileta kamera zilizotumia kebo moja nyembamba yenye tabaka tatu, na katika kebo hiyo umeme wa kuendesha kamera, picha inayokuja, picha inayorudi kwa mpiga picha na amri za mhandisi vilipita pamoja, kila kimoja kwenye masafa yake. Amri hazikuwa tena na njia zao wenyewe. Zilipaswa kupangwa foleni, kupewa alama, kutumwa moja baada ya nyingine na kutambuliwa upande wa pili. Tangu hapo kamera ilianza kusoma. Na kwa kuwa kila kampuni ilijiandikia alama zake kwa ajili ya paneli zake, paneli ya kampuni moja haikuweza kusema na kamera ya nyingine. Hali hiyo, kwa kamera kubwa za studio, imedumu kwa sehemu kubwa hadi leo.

Houston yaamuru, mwezi watii (1971–1972)

Mfano mkubwa kuliko yote wa kamera iliyoendeshwa kwa mbali haukutokea studio. Kwa safari za Apollo 15, 16 na 17, RCA iliitengenezea NASA kamera ya rangi iliyofungwa mbele ya gari la umeme la wanaanga. Wao walikuwa na miamba ya kuchimba na muda mfupi wa hewa mgongoni. Hawakuweza kusimama wakipiga picha. Kwa hiyo kamera iliwekwa chini ya amri za mtu aliyekaa Houston, Texas, karibu kilomita 384,000 kutoka hapo. Mtu huyo alikuwa Ed Fendell, mhusika wa mawasiliano katika chumba cha kuongozea safari.

Amri alizokuwa nazo zilikuwa chache na za wazi: geuka kushoto, geuka kulia, simama; inuka, inama, simama; vuta karibu, sukuma mbali, simama; fungua mwanya wa lenzi, funga, simama. Tazama lile neno "simama". Fendell hakuiambia kamera igeuke nyuzi kumi. Aliiambia ianze kugeuka, kisha, amri nyingine kabisa, aliiambia ikome. Mtindo huo wa anza na simama ndio unaotumika hadi leo katika kamera nyingi, na udhaifu wake ni ule ule: amri ya kusimama isipofika, kamera inaendelea kugeuka mpaka igonge mwisho wake.

Tatizo lililomsumbua zaidi lilikuwa muda. Mawimbi ya redio huchukua sekunde moja na robo hivi kutoka duniani hadi mwezini, na picha huchukua muda kama huo kurudi. Alichokiona Fendell kwenye skrini kilikuwa kimekwisha kutokea, na alichokiamuru kingetokea baadaye. Kwa kazi ya polepole, kama kumfuata mwanaanga anayetembea, aliweza kuvumilia. Lakini NASA ilitaka kuonyesha chombo kikiruka kutoka mwezini wanaanga wakianza safari ya kurudi, na tukio hilo huisha ndani ya sekunde chache.

Apollo 15 iliporuka mnamo Agosti 1971, sehemu ya kuinua kamera ilikuwa imeharibika. Chombo kilitoka nje ya picha mara moja, watazamaji wakabaki na ardhi tupu na vipande vilivyotawanyika. Apollo 16, mnamo Aprili 1972, gari halikuegeshwa kwenye umbali uliopangwa, hesabu zikapotea, chombo kikaponyoka tena. Ikabaki safari moja tu. Desemba 1972, Eugene Cernan na Harrison Schmitt walipokuwa tayari kuondoka katika bonde la Taurus-Littrow, Fendell alikuwa na ratiba ya amri iliyokokotolewa kabla, sekunde kwa sekunde. Hakuitazama picha hata kidogo. Alibonyeza kwa kufuata saa, takriban sekunde tatu kabla ya tukio, na kamera iliyoachwa peke yake mwezini iliinua uso wake sawasawa na chombo kikipaa, ikakifuata angani. Ninaiona filamu hiyo kuwa kazi bora ya mpiga picha yeyote wa karne ile, na mpiga picha mwenyewe alikuwa kipofu wakati akiipiga.

Hapo kuna somo kwa studio za duniani. Kuchelewa kwa amri ni adui mkubwa kuliko kukosea kwake.

Kamera ndani ya bunge (1979–1989)

Mabunge yaliichukua kamera ya mbali kwa sababu za kisiasa. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipokubali televisheni, Machi 19, 1979, spika Tip O'Neill alikataa kuziachia kampuni za televisheni ziingie na watu wao. Kamera zilikuwa za baraza lenyewe, ziliendeshwa na wafanyakazi wake kutoka chumba cha kuongozea nje ya ukumbi, na kanuni zilitaka zimwonyeshe msemaji tu. Hakuna mpiga picha wa kuzunguka kati ya viti, hakuna anayeweza kumkamata mbunge amesinzia.

Miaka mitano baadaye ikaonekana kwamba anayeshika kijiti anashika madaraka. Wabunge kadhaa wa chama cha Republican, Newt Gingrich akiwa miongoni mwao, walikuwa wamejenga mazoea ya kutoa hotuba kali jioni, kazi za siku zikiwa zimeisha. Nyumbani mtazamaji alidhani ukumbi umejaa na wapinzani wamekosa jibu. Mei 10, 1984, mbunge Robert Walker wa Pennsylvania akiwa anazungumza, O'Neill aliagiza kamera zigeuke. Ziligeuka polepole, zikaonyesha viti vitupu safu kwa safu. Ghasia zilizofuata ziliteka baraza kwa siku kadhaa. Kamera kugeuka tu, jambo ambalo fundi angeliandika kwa amri mbili, likawa tukio la historia ya siasa.

Uingereza ilifuata kwa tahadhari kubwa. Bunge la Makabwela liliruhusu televisheni Novemba 21, 1989, tena kwa kamera za kuendeshwa kwa mbali na kwa masharti makali kuhusu sura gani zionyeshwe. Wakati huo vyumba vya habari navyo vilikuwa vimeanza kupiga hesabu zao. NBC ya New York iliweka kamera za roboti kwenye studio yake ya habari mwishoni mwa miaka ya 1980, na lengo halikufichwa: kupunguza watu. Mifumo hiyo ya mwanzo ilikuwa mizito na ghali, na kila mtengenezaji alifungia amri zake ndani ya vifaa vyake. Aliyenunua vichwa vya kamera alilazimika kununua na paneli, na programu, na fundi wa kuja kuvitengeneza.

Baiti tisa za Sony (1980–2000)

Mabadiliko makubwa yalianzia upande wa chini wa soko. Katika miaka ya 1980 Sony iliweka kwenye kamera zake ndogo za kurekodia tundu dogo la milimita 2.5, na katika tundu hilo ikapitisha itifaki iitwayo LANC. Mara kwa mara, sambamba na mwendo wa picha, kamera ilipeleka kundi la baiti nane: baiti za mwanzo ziliachwa kwa ajili ya amri, za mwisho zikaeleza hali ya kamera. Mpiga picha wa harusi aliyefunga kidude cha zumu kwenye mkono wa tripodi alikuwa akitumia LANC, ajue asijue.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sony ikatoa VISCA. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hii ndiyo itifaki iliyoshinda, na ilishinda kwa unyenyekevu wake. Ilipita kwenye waya wa kawaida wa kompyuta, kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde. Kamera hadi saba zingeweza kuungwa kwa mnyororo, moja ikishika nyingine, na kila moja ilipewa namba yake mfumo ulipowashwa. Amri zote zilikuwa fupi, kuanzia baiti 3 hadi 16. Kuigeuza kamera kulihitaji baiti tisa: ya kwanza inaitaja kamera, tatu zinazofuata zinataja aina ya kazi, mbili zinatoa mwendo wa kugeuka na wa kuinama, mbili zinatoa upande, na ya mwisho, ambayo daima ni FF, inasema maneno yameisha. Kurudi katikati kulihitaji baiti tano tu: 81 01 06 04 FF. Kamera ilijibu mara mbili, kwanza kwamba imesikia, kisha kwamba imemaliza. Mwanafunzi mwenye kompyuta na waya angeweza kuiendesha kamera kabla ya chakula cha mchana.

Kamera iliyoitangaza VISCA ni EVI-D30 ya katikati ya miaka ya 1990, kisanduku kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya mikutano ya video. Kiligeuka nyuzi 100 kila upande, kilikuwa na zumu ya mara 12, kikakumbuka mikao sita. Vyuo vikuu vilikifunga kwenye roboti, hospitali kwenye vyumba vya upasuaji, makanisa kwenye nguzo. Lakini sababu kubwa zaidi ya kuenea haikuonekana kwa macho. Sony iliuza pia kiini cha kamera peke yake, lenzi na kihisi bila ganda, kwa jina la FCB, na wengine wakakitia ndani ya bidhaa zao wenyewe. Kiini hicho kilisikiliza VISCA. Kila aliyekinunua alinunua na lugha yake, na hati ya kiufundi yenye orodha ya amri zote ilipatikana kwa kila aliyeitaka. Wapinzani wa Sony walipoanza kutengeneza kamera za bei nafuu, waliona ni rahisi kuiga amri ambazo mafundi walikuwa wamekwisha kuzizoea.

Haikuwa itifaki kamilifu. Haikuwa na baiti ya kuhakiki kama ujumbe umefika salama, kwa kuwa ilibuniwa kwa waya mfupi wa chumba kimoja. Linganisha na Pelco-D, iliyotoka kwa kampuni ya ulinzi ya Pelco ya California. Hiyo ilikusudiwa kamera za mitaani na maegesho, zenye waya wa RS-485 unaoweza kufika mita 1,200 kupita karibu na injini na nyaya za umeme. Ujumbe wake una baiti saba, na ya mwisho ni jumla ya zilizotangulia, isipokuwa ile ya kwanza, ili kamera ikatae amri iliyoharibika njiani.

Wakati huo huo, idara ya utafiti ya BBC ilikuwa ikilishughulikia swali lililogeuzwa. Studio za mandhari ya kompyuta zilihitaji kujua kamera inatazama wapi ili jengo la kuchora lisogee pamoja na mtangazaji. Mfumo wao wa free-d ulitumia alama za duara zilizobandikwa darini, na ujumbe wake wa baiti 29, unaotaja mgeuko, mwinamo, mahali, zumu na fokasi, ndio ambao kamera nyingi za mbali zinautoa hadi leo. Safari hii kamera haikuamriwa, ilijieleza.

Waya wa mtandao (2000–2019)

Kebo ya mtandao iliyafanya mambo mengi kuwa rahisi na jambo moja kuwa gumu. Kebo moja ilileta umeme, picha na amri, na umbali ukafutika. Lakini kila kampuni ilipita njia yake. Panasonic ilizifanya kamera zake zipokee amri kama ukurasa wa wavuti unavyoombwa, maandishi mafupi yanayoanza na alama ya reli, ambayo mtu anaweza kuyaandika hata kwenye kivinjari. Axis, Bosch na Sony zilianzisha ONVIF mwaka 2008 kwa ajili ya kamera za ulinzi, kwa ujumbe mrefu wenye mpangilio mkali. NewTek ya Texas ikaja na NDI mwaka 2015, ikibeba picha na amri pamoja. Blackmagic Design ya Australia ilizificha amri ndani ya mawimbi ya picha yenyewe, ikachapisha maelezo yake wazi ili yeyote ayatumie, uamuzi unaostahili sifa.

VISCA nayo ilihamishiwa mtandaoni, na hapo ndipo ilipopasuka. Sony iliifunga kila amri ndani ya bahasha yenye baiti nane za mbele, miongoni mwake namba ya mfuatano, kisha ikaituma kwenye poti 52381. Namba hiyo ya mfuatano ina sababu: njia ya UDP inayotumika hapo haina ahadi ya kufikisha ujumbe, na amri ya "simama" ikipotea, kamera haisimami. Ni shida ile ile ya Houston. Watengenezaji wengine hawakuweka bahasha. PTZOptics ya Marekani, kwa mfano, hupokea baiti zile tupu za miaka ya 1990 kwenye poti 5678 kwa TCP na 1259 kwa UDP. Zote zinaandikwa VISCA kwenye boksi. Fundi anayedhani ni kitu kimoja hupoteza jioni nzima.

Kutoka kwenye pengo hilo ikazaliwa biashara ya ukalimani. Skaarhoj ya Denmark na CyanView ya Ubelgiji hutengeneza paneli na visanduku vinavyosema lugha nyingi, ili mhandisi mmoja alinganishe rangi za kamera za kampuni tano. Programu huria ya Companion inafanya sehemu ya kazi hiyo bure, na moduli zake nyingi zimeandikwa na watu wa kujitolea. Kwa maoni yangu hao wamefanya zaidi kuliko kamati zote.

Ugonjwa, ibada na milango iliyoachwa wazi (2020 na baadaye)

Korona iliwaondoa watu studio kwa ghafla, na kamera zisizohitaji mtu zikawa adimu madukani. Nairobi, kama kwingineko, makanisa yaliyofungiwa waumini yalianza kurusha ibada mtandaoni, na mengi hayakuacha milango ilipofunguliwa. Kijana wa kitengo cha habari cha kanisa leo anaendesha kamera tatu kutoka kwenye kompyuta moja nyuma ya ukumbi, kwa amri zile zile za VISCA ya miaka ya 1990.

Lakini VISCA haikuwahi kuuliza anayeamuru ni nani. Waya wa chumba kimoja haukuhitaji nywila. Kamera iliyounganishwa na intaneti inaihitaji, na watengenezaji wengi waliiongeza kwa haraka na kwa ubovu. Oktoba 2024 kampuni ya usalama ya GreyNoise ilitangaza udhaifu mkubwa katika kamera za NDI zilizotokana na kiwanda cha ValueHD na kuuzwa kwa majina mbalimbali, likiwemo PTZOptics. Mshambuliaji aliweza kupata taarifa za siri bila kuthibitishwa, kisha kuitawala kamera yote. Jaribio la kuushambulia udhaifu huo lilikuwa tayari limenaswa likifanyika. Masahihisho yalitolewa kwa baadhi ya kamera. Nyingine zilikuwa zimeshapita umri wa kupewa masahihisho.

Kwa hiyo, unayenunua kamera kwa ajili ya kituo, chuo, kanisa au msikiti, omba hati ya itifaki kabla ya kuuliza bei. Uliza poti, uliza kama VISCA hiyo ina bahasha ya Sony au haina, na uliza masahihisho ya programu yatatolewa kwa miaka mingapi. Kisha zifunge kamera kwenye mtandao wake wenyewe, usiofikika kutoka nje. Muuzaji asiye na majibu ya maswali hayo hastahili fedha yako.